Bushi ya Gari Moja: Jinsi Springi za Land Cruiser Zinavyofufuliwa Bunia

Dereva anayetoka Mongbwalu na gari linalogonga nyuma kila likiingia shimoni hana haja ya kulala chini yake kutafuta ugonjwa. Bushi za springi zimekwisha. Anaagiza mpya kutoka Kampala, zinapita Mahagi au Aru, zinafika, zinapachikwa, na haupiti muda mlio umerudi. Lawama inawaangukia wauza vipuri bandia, na mara nyingi wanaistahili. Lakini hata kipuri halali kingeshindwa hapo. Bushi ya kiwandani imepimwa iingie kwenye tundu la duara lenye kipimo cha kiwandani, na kwenye gari hilo tundu la namna hiyo halipo tena. Mpira wa bushi ya awali ulipoliwa, pini ilisuguana na jicho la springi, yaani tundu hilo lenyewe, chuma kwa chuma, jicho likalika upande mmoja mpaka likawa na umbo la yai.

Ndiyo maana mkerezaji mzuri wa Bunia haigi kipuri cha Toyota. Anatengeneza kipuri cha gari moja tu, lile lililosimama mlangoni pake.

Magari yenyewe wengi wetu tunayajua: Land Cruiser za msururu wa 70, ulioanza 1984, hasa zile HZJ78 na HZJ79 ambazo si chache kati yake zilianza maisha zikiwa nyeupe, na nembo ya shirika mlangoni. Injini yake, 1HZ, ni dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, haina turbo wala kompyuta, na ikibadilishiwa oili kwa wakati inadumu kuliko vyuma vinavyoibeba. Mbele, tangu 1999, zina springi za koili. Nyuma zimebaki na springi za majani, na huko ndiko mzigo unakokaa: mapipa ya mafuta, magunia, na abiria juu ya magunia. Udongo mwekundu wa barabara ya taifa namba 27, kutoka Komanda kupitia Bunia hadi Mahagi, unafanya yaliyobaki. Wakati wa mvua unaingia kwenye bushi kama uji, wakati wa kiangazi unakaukia humo na kuwa msasa.

Kazi inaanza kwa vernia. Jicho linapimwa pande tatu au nne, mdomoni na ndani, kwa sababu haliliki sawasawa. Tuchukue mfano wa jicho lililokuwa na milimita 40: sasa upande mrefu unasoma 41.2, mfupi 40.1. Fundi mwenye haraka atakereza bushi ya 41, aigonge kwa nyundo na kuomba Mungu. Bushi hiyo itashikwa juu na chini tu; pembeni itabaki na uwazi, itacheza, na kucheza huko kutazidi kulila jicho. Njia sahihi ni kulirudishia jicho uduara wake kwa kulipanua hadi 41.5 pande zote, ndipo bushi ikatwe kwa kipimo hicho kipya.

Kusema ni rahisi. Jani kuu la springi lina urefu unaozidi mita moja, halishikiki kwenye taya za mashine ya kukereza likazungushwa. Lingepiga kitanda cha mashine, na pengine kichwa cha fundi. Kwa hiyo kazi inageuzwa. Jani linafungwa kwa bolti juu ya behewa la mashine, ile sehemu inayosafiri mbele na nyuma. Fito nene ya chuma inapitishwa ndani ya jicho, ncha moja inashikwa na taya, nyingine inaegemea ncha ya mkiani, na katikati ya fito kumechomekwa kisu kidogo kilichokazwa kwa skrubu. Kinachozunguka ni kisu. Springi ndiyo inayotembea polepole kukifuata. Chuma cha springi kimeshatiwa matiko kiwandani, kwa hiyo kisu cha kawaida kinakufa mara moja. Kinatakiwa kisu chenye ncha ya kabaidi, mzunguko wa taratibu, na kula kidogo kidogo, sehemu za kumi za milimita kila safari.

Hapo umeme nao una neno la kusema. Jenereta ikiyumba mzunguko unabadilika, na kisu kinaacha mawimbi ndani ya jicho. Umeme na karakana za huku vina asili moja: kituo cha umeme cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na migodi hiyo ndiyo iliyoleta Ituri mazoea ya karakana nzito. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa 1905. Mizigo iliyotoka Mombasa ilipanda reli mpaka Uganda, kisha meli kutoka Butiaba kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi. Pampu ikikatika ekseli huko milimani, nani angesubiri safari yote hiyo?

Jicho likiwa tayari, swali linakuwa bushi ya kitu gani. Mpira una sifa moja ambayo watu huisahau: unakubali kusokotwa. Gurudumu moja likipanda jiwe, ekseli inalala upande, na jani la springi linajipinda pamoja nayo. Mpira unaumeza mpindo huo. Bronzi haiumezi. Ukiikereza kwa kubana kama vitabu vinavyoelekeza, uwazi wa milimita 0.03 hadi 0.05 kwa pini ya milimita 25, mpindo wote unaishia kwenye kingo mbili za bushi, na baada ya miezi midomo yake imepanuka kama tarumbeta huku katikati pakiwa papya. Kwa maoni yangu springi ya gari la porini inataka uwazi mkubwa zaidi, 0.1 au zaidi kidogo, kingo zikatwe kwa mshazari, na ndani uchorwe mfereji wa kusambaza grisi. Itapiga kelele kidogo. Acha ipige.

Nailoni inapendwa kwa sababu ni nyepesi kukereza na bei yake nafuu. Tatizo ni kwamba inakunywa maji na kuvimba. Bushi iliyokatwa kwa ustadi mwezi wa Januari, kukiwa kukavu, inaweza kuing'ang'ania pini mvua zikikaza, na pini isiyozunguka ndani ya bushi itatafuta kuzunguka kwingine: ndani ya tundu la fremu. Atakayeitumia aiache na nafasi ya kuvimbia.

Kosa jingine la kawaida ni kumaliza tundu la bushi ya bronzi juu ya mashine kabla ya kuichomeka. Bushi inaingia kwa nguvu, kwa sababu imekatwa kubwa kuliko jicho kwa kama milimita 0.05, na ikishabanwa tundu lake la ndani nalo linapungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Pini iliyopita vizuri mezani inagoma kwenye gari. Basi tundu liachwe dogo, bushi ichomekwe, ndipo lipanuliwe kwa rima mpaka lifike kipimo.

Pini ndiyo inayonipendeza zaidi, kwa sababu inatoka kwenye lundo la chuma chakavu. Shafti ya ekseli ya lori lililokufa ni chuma kizuri, lakini kina ganda gumu lililotiwa matiko na kiini laini. Fundi hukigusisha kwanza kwenye jiwe la kunolea na kusoma cheche. Chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka. Chenye kaboni nyingi kinapasuka nyotanyota karibu na jiwe. Akiridhika, anakata kipande, anakiweka kwenye makaa yanayopulizwa na feni mpaka kiwe chekundu, na anakijaribu kwa sumaku. Ikiacha kukivuta, joto limepita nyuzi 770. Anaongeza moto kidogo, kisha anakizika kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Kikipoa polepole namna hiyo, kisu kinakikata bila kulalamika.

Baada ya kukerezwa, pini irudi motoni, itumbukizwe kwenye oili, isuguliwe ing'ae na ipashwe tena. Rangi inapanda juu ya chuma: manjano ya majani makavu, kahawia, buluu. Kwa patasi ungesimama kwenye manjano. Kwa pini ya springi subiri buluu ipite na kufifia kuwa kijivu, la sivyo itavunjika kama kioo siku ya kwanza ya shimo kubwa. Hatua hii inarukwa mno, maana ina moshi na inaweza kupinda pini, hivyo milimita 0.3 lazima iachwe ya kunyooshea. Pini isiyo na matiko inalika kabla ya bushi, na bushi ndiyo iliyokusudiwa kulika, kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha.

Kuna kazi ambayo mashine hiyo hiyo inaiweza kabisa na haipaswi kuifanya: stadi za magurudumu. HZJ79 ina stadi 5 za M14 zenye nyuzi za milimita 1.5. Eneo linalobeba mvuto kwenye uzi huo ni kama milimita za mraba 125. Chuma cha daraja la 10.9, la kawaida kwa stadi za magurudumu, kinakatika kwa nguvu ya takriban tani 13. Fito laini ya dukani, daraja la 4.6, inakatika kwa tani 5 hivi, na kabla ya kukatika inavutika, nati inalegea. Zaidi ya hayo, nyuzi za kiwandani hufinyangwa kwa kubiringishwa. Za mashine yetu zinachimbwa kwa kisu, na kisu chenye ncha kali kinaacha mzizi mkali ambamo ufa unaanzia. Bushi mbovu inagonga kwa miezi kabla ya kumtupa mtu. Stadi mbovu hainong'oni.

Iliyobaki ni grisi. Pini yenye bushi ya bronzi inapigwa tundu katikati, grisi iingizwe kwa pampu baada ya kila safari iliyovuka maji, mpaka ile chafu itoke pembeni na safi ianze kuonekana. Mwenye gari aliyezoea mpira, ambao hautaki kitu, huambiwa jambo hili siku anapokabidhiwa gari, na mafundi wenye akili humwambia dereva pia, maana ndiye atakayeshika pampu.