Git ndani ya VS Code: kitufe kinajua, wewe hujui

Siku hizi wengi hatukutani na Git kwenye terminali. Tunakutana nayo pembeni mwa VS Code, kwenye ile alama ya matawi, ambapo kitufe kimoja kikubwa kinaahidi kumaliza kila kitu. Kihariri hiki cha Microsoft kilitoka mwaka 2015, miaka kumi baada ya Linus Torvalds kuandika Git kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, watu ambao terminali kwao ni kama jikoni kwao. Wewe unayeandika msimbo wa tasnifu yako umeingilia mlango mwingine. Mlango wenyewe ukoje?

Kuna jambo paneli hii inalifanya vizuri kuliko terminali, tena kwa mbali: kukuonyesha ulichobadilisha. Mstari wa zamani unauona kwa wekundu, mpya kwa kijani, na unaweza kuchagua mistari mitatu tu ya faili iingie kwenye komiti, mingine ibaki. Kwenye terminali hilo linawezekana, ila jaribu mwenyewe uone jasho lake.

Matatizo yanaanzia kwenye maandalizi. VS Code haiji na Git ndani yake, unaisakinisha kando. Kisha Git inataka jina na barua pepe, maana kila komiti hubeba jina la aliyeifanya. Usipoweka, kihariri kinagoma na kukuambia. Sawa. Lakini kwenye maabara ya chuo, mashine moja, akaunti moja, watu ishirini? Aliyekutangulia kashaweka jina lake, basi kihariri kinanyamaza kimya na kazi yako inaandikwa kwa jina lake. Hakuna sehemu kwenye paneli inayokuuliza "ndiwe fulani?" Dawa yake ni kufungua terminali iliyo humo humo, ndani ya folda ya mradi, na kuandika `git config user.name "Jina Lako"`, halafu hivyo hivyo kwa `user.email`. Usiweke neno `--global`, ili jina likae kwenye mradi huo tu. Na ukiondoka toka pia kwenye akaunti yako ya GitHub, vinginevyo umemwachia anayefuata ufunguo wa nyumba.

Sasa kitufe chenyewe. Ukishakomiti, pale pale kilipokuwa kitufe cha komiti kinatokea cha kusawazisha na seva. Mahali pale pale, rangi ile ile. Mwanafunzi anabonyeza mara mbili na anaondoka akiamini kwamba komiti maana yake ni kupandisha kazi mtandaoni. Matokeo yake, bando likiisha haifanyi komiti kabisa! Kumbe komiti hukaa kwenye kompyuta yako na haili bando hata kidogo. Unaweza kufanya hamsini ukiwa kijijini bila mtandao, ukazisukuma siku ukifika mjini. Tena kusawazisha ni mambo mawili: kwanza kinavuta mabadiliko ya wenzako, kisha kinasukuma yako. Kama mwenzako kagusa mstari uliougusa wewe, unaletewa mgongano wakati ulitaka kutuma tu. Kuvuta na kusukuma vipo pia kimoja kimoja, kwenye menyu ya vidoti vitatu. Tumia hivyo.

Kuna na lile swali la "hujaandaa chochote, niingize vyote?" lenye jibu la "daima". Ukibonyeza daima, umeiua hatua ya kuchagua. Kuanzia hapo faili la majina na simu za uliowahoji nalo litaingia, na ukilifuta kesho bado litabaki kwenye historia. Orodhesha faili kama hizo kwenye `.gitignore` kabla ya komiti ya kwanza.

Ila ninalolilaumu zaidi ni ule mshale unaojipinda kurudi nyuma, uliowekwa jirani kabisa na alama ya jumlisha. Jumlisha huandaa faili, mshale hutupa mabadiliko. Mwaka 2017 mtumiaji mmoja alilalamika hadharani kwamba alitupa mabadiliko yote na faili zake kama 5000, kazi ya miezi mitatu, zikafutika. Wengi walimcheka, kwamba onyo alilisoma. Mimi simcheki. Kwake "kutupa mabadiliko" kulimaanisha kurudi alipoanzia. Kwa Git, faili zote zilikuwa mpya, haijawahi kukabidhiwa hata moja, hivyo haikuwa na cha kurudisha. Baadaye onyo lilibadilishwa, likawa linataja kufuta kwa faili mpya. Vizuri, ila mshale bado uko pale pale.

Magit, chombo cha Git ndani ya Emacs, kina sura ngumu zaidi lakini kina adabu moja: ukibonyeza alama ya dola unaona amri za Git ilizokuendeshea. VS Code nayo inazo, ila imezificha. Fungua paneli ya matokeo chini, kwenye orodha yake chagua Git, halafu bonyeza kitufe cha kusawazisha huku ukiangalia. Utaziona zikipita, kuvuta kwanza, kusukuma baadaye.