Video za bampa la faiba haziijui baridi ya Maretadu

Kama una simu na unapenda magari, umeshakutana nazo. Ndani ya dakika tatu fundi anachonga umbo la bampa kwa foamu, anatandika nyuzi za kioo, anapaka resini, na kesho yake gari kuukuu lina sura mpya. Zinavutia kweli, na mimi mwenyewe naziangalia sana. Ila leo tuzihakiki kama tunavyohakiki kitabu cha sayansi, maana kwa kijana wa gereji kule Maretadu, hizo ndizo darasa lenyewe.

Tuanze na sifa zake. Video hizi zinaeleza kompositi vizuri bila maneno mengi. Mtu wa Mbulu anaijua kanuna hiyo tangu utoto: ukuta wa udongo uliochanganywa na nyasi haupasuki ovyo kama wa udongo mtupu. Nyasi hubeba mvuto, udongo huzishika zisihame. Kwenye faiba, kioo ndiyo nyasi na resini ndiyo udongo. Chevrolet Corvette ya mwaka 1953 ilitoka kiwandani na bodi ya namna hii. Trabant ya Ujerumani Mashariki ilitumia mabaki ya pamba badala ya kioo. Hata mkonge, zao lililoingia kwetu Tanga mwaka 1893, umetumika kwenye paneli za milango ya Mercedes-Benz.

Na hesabu inawaunga mkono mafundi. Chukua boneti ya mita ya mraba 1.5. Chuma cha milimita 0.8 kitakuwa na kilo 9 na kidogo. Faiba ya milimita 3, yaani matabaka matatu ya mkeka wa gramu 450, itakuwa karibu kilo 7. Chuma ni kigumu karibu mara 30 kuliko faiba, sawa, lakini ugumu wa bati kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Faiba ni nene karibu mara 4, kwa hiyo boneti hiyo nyepesi inapinda kwa shida zaidi kuliko ya chuma. Hapo video hazidanganyi.

Shida iko kwenye yale zinayoyaruka.

Kwanza, joto. Resini ya poliesta haikauki kama rangi. Inaganda kwa mmenyuko wa kemikali unaoanzishwa na hadina, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kwa makadirio, joto likishuka nyuzi 10, kasi ya mmenyuko hupungua karibu nusu. Kipimo kilichofanya kazi Dar es Salaam kwenye nyuzi 30, kwenye asubuhi ya Julai huko Mbulu kinakuacha na kazi inayonata. Utafanyaje? Wengi wataongeza hadina. Matokeo yake ni resini inayochemka ndooni na kutoa moshi, au bampa linalopasuka kabla halijafungwa.

Wengine wataingiza jiko la mkaa chumbani. Hapa naomba unisikilize vizuri: resini hiyo ina stairini, na mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi. Usifanye kabisa. Subiri saa sita jua likiwa kali, changanya kidogo kidogo, fanyia kazi nje.

Pili, pumzi. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inahitajika yenye kichujio cha mkaa. Na hadina ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Kwenye video nyingi nilizoona, fundi yuko kifua wazi, hana hata miwani.

Tatu, foamu. Ile nyeupe inayokuja na boksi la televisheni huyeyuka ikiguswa na resini ya poliesta. Foamu ya kwenye video ni ya poliyurethani, ila hakuna anayekwambia. Kijana anapoteza hela ya resini, kisha anajiona hajui kazi.

Nne, na hili ni la roho za watu: bampa unaloliona ni gamba tu. Kinachopokea kishindo ni mhimili ulioko nyuma yake. Kuukata ili umbo jipya likae vizuri ni kuuza kinga ya abiria ili upate picha nzuri.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kama burudani zinafaulu, kama somo zimeishia nusu. Na nusu iliyobaki haihitaji maabara. Fundi akiandika chini ya video vitu vitatu tu, yaani joto la siku hiyo, uzito wa resini na gramu za hadina, mtu wa Maretadu ataweza kurekebisha kipimo kwa akili badala ya kubahatisha. Ukiangalia nyingine wiki hii, muulize kwenye maoni: siku hiyo palikuwa na nyuzi ngapi?