Mtungi wa Betri

Mvua za masika zikikaza, Unguja hakuna harusi ya kurushiwa droni. Wingu linakaa juu ya minazi kutwa, upepo unageuka bila kubisha hodi, na vijana wa picha wanafunga mikoba yao wakasubiri Juni. Katika siku kama hizo nilimkuta Maalim, mwenzetu wa droni, barazani kwake, Ng'ambo, mbele yake taa ya gari inawaka mchana kweupe.

Gari lenyewe halikuwapo. Ilikuwa glopu ya indiketa tu, imelazwa juu ya kigae isiunguze mkeka, na nyaya mbili zimetoka kwake zikaingia kwenye betri ya droni. Nikadhani anaijaribu glopu. Kumbe anaipunguza betri.

"Jana usiku nilizijaza zote nne, nikijua asubuhi tunaruka," aliniambia. "Mvua ikatuwahi. Sasa haziwezi kulala na shibe hii."

Nilikaa. Kahawa ikaletwa. Betri ile ilikuwa ya seli tatu, na seli ikijaa hufika volti 4.2. Maalim anataka zilale kwenye 3.8 na kidogo. Glopu ya volti 12 inaifanya kazi hiyo kwa nusu saa hivi, polepole, bila kuitia betri joto. Nikitazama mkono wake niliona kuwa kazi haiko kwenye glopu. Alipoona kipimo kimefika, alizichomoa nyaya, akaiweka betri pembeni, akainua kikombe. Dakika kumi nzima hakuigusa. Betri iliyotoka kazini ikipumzika, volti hupanda kidogo; mwenye haraka hupima papo hapo akaandika uongo. Ndipo akapima tena, seli moja moja, akafungua daftari la shule lenye kona zilizokunjika, akaandika tarehe na tarakimu tatu: 3.84, 3.84, 3.83.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja," alisema, akigonga ile ya mwisho kwa kalamu. "Huyu akianza kubaki nyuma, wote wamekwisha."

Kisha akaufunua mtungi. Mtungi wa udongo, ule wa kupoza maji, ambao nyumba nyingi zimeutupa tangu friji zilipoingia. Chini kuna mchanga mkavu, na betri zimesimamishwa juu yake zisigusane, kila moja vichwa vyake vya chuma vimefunikwa kwa utepe. Upande wa ukuta usiopigwa na jua, mbali na mapazia. Betri ikichafuka ndani ya mtungi, huenda moto wake ukaishia mtunguni. Sijaona sanduku la dukani lililonituliza moyo kama mtungi ule.

Nilitazama kwa aibu, na ninajua kwa nini. Mwaka mmoja nilipiga picha za nyumba ya rafiki yangu siku chache kabla ya Ramadhani, nikazichaji betri mbili hadi juu kwa ajili ya kesho yake, kesho isifike. Nikaziweka kabatini chini ya paa la bati. Baada ya Idi nikafungua mkoba: moja imevimba kama andazi, haiingii tena kwenye nafasi yake, ya pili inaingia, lakini iliruka dakika nne ikaanza kuomba kutua. Hakuna aliyenidhulumu. Niliziua mwenyewe kwa kuzishibisha.

Sisi tumelelewa tukiamini kilichojaa ndicho kizuri. Gunia lililojaa, tangi lililojaa, simu yenye asilimia mia kabla ya safari. Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Ikikaa imejaa, tena kwenye joto, kemikali zake hazitulii. Zinakula kimiminika kilichomo na kutoa gesi, ndiyo ule uvimbe. Ukiiacha tupu nayo inazama, na ikishuka sana chini ya volti 3 kwa seli, chaja nyingi haziitaki tena. Inataka nusu. Na kuishi na nusu kunataka mtu wa kuikumbuka.

Bibi yangu alikuwa na betri zake. Nne, kubwa, za redio. Zikichoka, sauti ya taarabu ikaanza kuburutika, alizitoa akazianika juani juu ya ukuta wa ua, zimepangwa sawasawa kama dagaa. Jioni zinarudi redioni na matangazo ya vifo yanasikika tena. Zikishindwa na jua, mjomba alizing'ata. Naam, kwa meno, alama zikabaki. Sisi watoto tulikatazwa kuzigusa zikiwa juani, kana kwamba zimelala. Betri za Maalim ukizianika utaita zimamoto, na ya kung'ata sisemi. Lakini Bibi na Maalim ninawaona ni watu wa kabila moja: anayejua kitu chake kinapenda nini na kinachukia nini, akakizungukia hata siku ambayo hakimfai kwa lolote.

Wazee wa pwani walifanya hivyo kwa vyombo. Safari zikisita, jahazi halikuachwa lijiozee. Lilipandishwa, likatiwa kalafati ya pamba na sifa, yaani mafuta ya samaki, chini likapakwa deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu. Msimu wa kukaa pwani ulikuwa na jasho lake. Anayepita leo akaona ngalawa imelazwa ubavu mchangani haoni kazi. Anaona chombo kisicho na safari.

Maalim alizoea mkono katika ule mradi wa ramani ya Zanzibar ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi ilipowatumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kurusha ndege ndogo za povu, zisizofika kilo moja, mstari kwa mstari juu ya Unguja na Pemba. Waliopigwa picha ni waliorusha. Aliyebaki usiku akipanga betri kwa namba, hii ilale, hii ijazwe alfajiri, sikumbuki kuiona sura yake popote. Hata duniani ni hivyohivyo. Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Nobel ya kemia kwa betri za namna hii, na wanastahili. Kuitunza Aprili nzima chini ya bati hakuna tuzo.

Vijana wa sasa wananiambia shida imekwisha, betri mpya zina akili: zikikaa siku kadhaa zinajipunguza zenyewe. Ni kweli. Lakini akili hiyo nayo inakula umeme, kidogokidogo, na mkoba ukisahauliwa miezi sita betri inazama hadi haiamki. Maalim alikuwa na wanafunzi wawili wa kazi hii. Mmoja yuko bara, mwingine anauza simu. Kila Ijumaa baada ya swala anaufunua mtungi peke yake, anapima, anaandika. Ameniambia betri yake kongwe bado inamaliza safari yake. Wakati huohuo, jaani nyuma ya soko nimeona betri tatu zilizovimba, zimetupwa na maganda ya ndizi, na mtoto anaigonga moja kwa jiwe. Nilimwita akaja, shukuru Mungu. Ikitoboka ile, inawaka.

Wewe uliyeiweka droni juu ya kabati mvua zilipoanza, ishushe leo. Ipapase betri tumboni. Ikiwa bado bapa, na imejaa, tafuta glopu.