Nani Alikutuma Vitani? Tulivyosoma Kitabu cha Jenerali China Namatala

Kitabu chenyewe kimechakaa, jalada limeshikwa na gundi, na kilifika Namatala mkononi mwa mtu aliyekuwa anahama. Kinaitwa Mau Mau General, mwandishi ni Waruhiu Itote, kilitoka Nairobi mwaka 1967. Kiko kwa Kiingereza. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Industrial Division, Mbale, na kwa wiki tatu tumekisoma jioni nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mimi nasoma ukurasa halafu nausema kwa Kiswahili. Nawaandikia ninyi wa kambini, na ninyi wa mashirika pia, kwa sababu kinatuhusu kuliko jina lake linavyoonyesha.

Itote alizaliwa 1922 huko Nyeri, Kenya. Januari 1942 akaingia KAR, jeshi la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Na wa Uganda walikuwepo: batalioni ya nne, ya Uganda, ilikuwa kwenye divisheni ile ile ya 11. Vita ilipokwisha akarudi, akafanya kazi ya reli, halafu akaingia msitu wa Mlima Kenya na kuitwa Jenerali China.

Kurasa nzuri kuliko zote, kwangu mimi, ni za Burma. Askari mmoja Mwingereza anamuuliza: wewe Mwafrika unapigania nini hapa? Anamwambia haelewi mtu anakujaje kulinda dola ya wengine badala ya kupigania nchi yake. Itote hana jibu. Baadaye, Calcutta, anakutana na askari Mmarekani mweusi, na mazungumzo yanaendelea kumtafuna. Nilipomaliza sehemu hiyo vijana walinyamaza. Aliyesema ni mzee jirani yetu, ambaye huja kusikiliza akiwa na kiti chake mwenyewe. Huyu alikuwa mwanajeshi wa Mobutu, ana watoto kumi na mmoja, na wajukuu sijahesabu. Akasema, "Huyo alibahatika. Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Sasa kasoro. Katika kitabu hiki watu wanaongea kama wako mkutanoni. Kila anayekutana na Itote ana fundisho tayari, limepangwa, halina kukohoa wala kukatizana. Yaani miaka zaidi ya ishirini imepita tangu Burma, na bado anayakumbuka maneno yote? Kijana mmoja aliguna, "Huyu mzee alikuwa na rekoda?" Tulicheka, lakini swali ni la haki. Robert Kakembo, Mganda, naye aliandika kitabu kidogo kuhusu askari Mwafrika, kikatoka 1946, vita imetoka tu kumalizika. Itote aliandika nchi ikiwa imeshapata uhuru, anajua hadithi iliishia wapi, na hiyo inamfanya apange mambo yanyooke sana.

Kuna sehemu moja ambayo hainyooki, na ndiyo imenifanya nimheshimu. Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa na kukamatwa. Akahojiwa na Ian Henderson, akahukumiwa kunyongwa. Halafu hukumu ikabadilishwa, naye akasaidia kuwaandikia wenzake wa msituni waje kwenye mazungumzo ya kusalimu amri. Mazungumzo hayo yalivunjika. Wapo waliomwita msaliti mpaka mwisho. Yeye anajieleza kwamba alitaka damu ipungue. Sikubali yote: anajieleza kama kiongozi aliyepima hali, wakati mimi nilitaka kumsikia mtu wa miaka 31 ambaye kitanzi kinamngoja. Hofu niliitafuta, nikaipata kidogo mno. Lakini angeweza kuruka kisa hicho, hakukiruka.

Hapo ndipo nawageukia ninyi wenye mafaili. Fomu inauliza: uliwahi kushika silaha, ndiyo au hapana. Mpeni Itote hiyo fomu. Ndiyo, kwa ajili ya Waingereza. Ndiyo, dhidi ya Waingereza. Halafu akiwa mfungwa akawaandikia wenzake barua. Halafu Lokitaung, jela ya jangwani, alikofungwa pamoja na Kenyatta, na Kenyatta ndiye aliyemfundisha Kiingereza. Halafu, nchi ikiwa huru, akawa mmoja wa wakubwa wa National Youth Service, shirika la vijana. Ndiyo, kazi kama yangu! Visanduku viwili vitatosha wapi? Wazee wetu wanaijua fomu hiyo, na mzee jirani yangu alijaza ya kwake zamani. Alijibu nini, sitasema.

Kuhusu lugha niseme kidogo. Askari wale wa KAR walikuwa wakiamrishwa kwa Kiswahili, na mpaka leo hapa Uganda kuna mama akisikia Kiswahili mlangoni anadhani ni jeshi, ingawa serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kote. Tulipokuwa tunakirudisha kitabu kwenye Kiswahili, niliona maneno mengine yanakaa vizuri kuliko kwenye Kiingereza chake. "Afande" kwa mfano. Ukisema afande, mzee anakaa wima.

Jambo lililotusumbua zaidi ni nyumba. Mtu ametoka Burma, ameingia msituni, ameenda jela miaka, na watu wa kwake wanapita kwenye kurasa kama wageni wanaosalimia mlangoni na kuondoka. Nani alilima? Nani alijibu maswali ya polisi? Mzee alinikatiza katikati ya Lokitaung kuuliza hayo. Nikamwambia hatujafika, ngoja. Siku ya mwisho, nilipofunga kitabu, akauliza tena.

"Na mke wake?"

Nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikatafuta, taa ikiwa inafifia. Binti yake mkubwa, aliyekuja kumchukua, akasema, "Baba, muulize mama. Yeye anajua sura hiyo."

Mzee akachukua kiti chake. Jumatatu iliyofuata walikuja wawili, na viti viwili.