Kamusi ya Johnson na Mwalimu wa Kiingereza

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyochapwa mwaka 1939 juu ya msingi wa ile ya Madan ya mwaka 1903, ina sifa moja ambayo walimu wengi hawaitumii: hukusanya maneno ya ukoo mmoja chini ya shina lake. Atafutaye "msomaji" hana budi kwenda kwenye "soma". Wako waulaumuo mpango huu, maana asiyejua shina hapati neno. Lawama hiyo ni ya haki kwa mgeni. Walakini kwa watoto wetu wa Kisarawe na Kibaha, waliolelewa kwa Kiswahili, ndiyo faida yenyewe.

Aingiapo kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, mtoto hupewa orodha ya maneno ayakariri kama kasuku. Afadhali aonyeshwe kwamba kazi hii ya kuunda maneno aijua tangu kwao. "Soma" huzaa "msomaji". "Read" huzaa "reader". "Funga" hugeuka "fungua" kwa kubadili mwisho wake. "Tie" hugeuka "untie" kwa kuongezwa mwanzo.

Ila ulinganifu huu una mpaka wake, kwa kuwa desturi hushinda kanuni: mpishi kwa Kiingereza ni "cook", na "cooker" ni jiko. Mtoto aliyeachiwa kanuni peke yake atamwita mamaye jiko.

Basi, ndugu walimu, tuifungue kamusi mbele ya watoto, kisha tuwafafanulie wenyewe yaliyo nje ya kanuni.