Bwawa la Chebara, Nikiwa Sebuleni Kapsoya

Jamani, nimeliona! Bwawa la Chebara, lile la Elgeyo Marakwet linaloletea Eldoret maji, nimelizunguka ukingo kwa ukingo bila kutoka sebuleni kwangu hapa Kapsoya, mtaa wa Eldoret. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, na chai imepoa mezani sijaigusa.

Kutazama ni bure! Andika jina la mahali, chagua tarehe, picha hiyo. Setilaiti za Sentinel-2 hutupitia kila baada ya siku 5 hivi, na nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Utamu wenyewe uko kwenye mwanga ambao macho yetu hayauoni. Maji huumeza, majani mabichi huurudisha. Ukibadili rangi, msitu unawaka mwekundu na bwawa linabaki jeusi tititi, kama wino uliomwagika. Hata mtoto atakuonyesha kwa kidole maji yalipoishia.

Nikateremka bondeni hadi Ziwa Baringo. Nikaweka picha ya 2018 kando ya ile ya mwisho wa 2020. Lo! Ufuo wa Kampi ya Samaki umemezwa. Habari za hoteli kuzama na familia kuhama tulizisikia sote, na hofu kwamba ziwa hili la maji baridi lingekutana na Bogoria lenye chumvi. Kuyaona maji yakipanda nchi kavu ni jambo lingine kabisa.

Kasoro ipo: mawingu. Msimu wa mvua, kaunti yetu ya Uasin Gishu nzima hujifunika blanketi jeupe. Hapo hamia Sentinel-1, yenye rada inayopenya mawingu usiku na mchana. Picha zake ni za kijivu, hazivutii, lakini ndizo nilizozipenda zaidi. Kina cha maji hutakiona, upana tu, na bando linaisha haraka.

Hapa Kapsoya tuna kituo cha hali ya hewa, na kipimamvua chake hutuambia kilichotunyeshea sisi. Lakini maji ya Chebara huanzia milima ya Cherangani, na sasa huko nako napaona!

Ifungue usiku huu. Anza na bwawa linalonywesha mtaa wenu, ulinganishe Februari na Septemba.