Kinyume: Asili ya Neno na Thamani ya Mchezo Wake

Neno kinyume limo katika kila kinywa, walakini ni wachache wakumbukao kuwa ni jina la mchezo. Mwanafunzi hulijua kwa maana ya maneno yapinganayo: refu na fupi, wema na ubaya. Maana hiyo ni sahihi, lakini si kamili. Na uhakiki unaoishika hiyo peke yake hupoteza ushahidi wenye thamani.

Asili ya neno ni nyuma. Kiambishi ki- hapa ni kile cha namna, kisikiwacho katika kitoto na kizee. Na mtu aendaye huku ameipa njia kisogo husemwa kuwa anakwenda kinyumenyume. Basi kinyume, kwa asili yake, si vitu viwili vishindanavyo, bali ni kitu kimoja kilichogeuzwa.

Ndivyo mchezo ulivyo. Silabi ya mwisho ya neno huondolewa ikawekwa mwanzo, na asiyejua kanuni hubaki nje ya mazungumzo. Askofu Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1870. Lakini aliuweka mwishoni, miongoni mwa nyongeza. Hata leo aghalabu huachwa pembeni vivyo hivyo, ukihesabiwa kuwa upuuzi wa watoto.

Hukumu hiyo haina haki. Lima likigeuzwa huwa mali; kazi huwa zika; siku huwa kusi; wema huwa mawe. Mawe si adui wa wema, kama ulivyo ubaya. Ni silabi zile zile zilizopangwa upya. Jambo hili huwezekana kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hata ya mwisho ikaweza kukaa mbele bila ya kuudhi sikio. Watoto huwa towato: kiambishi cha wingi, ambacho msikilizaji hukitazamia mwanzoni, kimezama katikati. Siri ya mchezo imo humo.

Mchezo una mpaka wake pia. Mtoto huwa tomto, na m ile isiyo na irabu hupata makao. Lakini mtu lingekuwa tum, na neno la asili ya Kibantu katika Kiswahili halimaliziki kwa m. Mchezaji asitaye hapo hakufundishwa kanuni hiyo na mwalimu. Ulimi wake ndio uliomwonya.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mshairi ahesabuye mizani 16 katika mshororo wa shairi hutumia maarifa yale yale. Kwake yeye mtoto ni mizani tatu, nayo m ni mojawapo. Kwa mchezaji m hiyo husimama peke yake vile vile. Ikiwa hesabu ya mshairi ni elimu, haifai hesabu ya mchezaji iitwe upuuzi. Mizani na kinyume ni matawi mawili ya mzizi mmoja, nao ni sikio la msemaji lijualo silabi kabla ya kalamu kuigawa.

Mhakiki atakaye kufunza mizani hana haja ya kuanza na jedwali. Na aanze na wema na mawe. Jedwali litafuata, na mwanafunzi atagundua kuwa alilijua tangu zamani.